Babu wa Uskoti, mjukuu wa Kwihara na pasi ndefu kuliko zote

UKITAJA Uskoti mbele ya mashabiki wa soka wa Bongo, wa kwanza atakujibu Sir Alex Ferguson. Wa pili atakuambia Celtic na Rangers. Wa tatu, kama umri umesogea kidogo, atamkumbuka Kenny Dalglish. Sasa jaribu kulitaja jina la David Livingstone. Watakutazama kama mtu aliyeingia uwanja siyo wake. Huyo si wa kwenye somo la historia, yule mzungu aliyekutwa na Stanley pale Ujiji?

Ndiye huyo huyo. Lakini kwa watu wa Tabora, na hasa kwa shabiki wa mpira anayependa kujua mambo yalitoka wapi, Mskoti huyu ana habari ambayo haisimuliwi sana darasani. Mwaka 1872, mwaka ambao soka la kimataifa lilizaliwa Glasgow, mtoto wa kijiji cha jirani na jiji hilo alikuwa Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, akisubiri wapagazi. Na nyuma ya habari yake kuna babu mmoja, mzee wa Kiskoti, aliyeachia wajukuu urithi wa hadithi.

Tuanze na babu.

Mzee wa Ulva

Babu yake Livingstone alikuwa mkulima mdogo katika kisiwa cha Ulva, magharibi mwa Uskoti. Shamba halikutosha kulisha familia, basi akahama na watu wake kwenda Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba kando ya mto Clyde, karibu na Glasgow. Pale akapewa kazi ambayo hapewi mtu hivi hivi: kusafirisha fedha nyingi za kiwanda kutoka Glasgow hadi Blantyre. Hakuna aliyewahi kusema kwamba hesabu imepungua. Alipozeeka, kiwanda kikamlipa pensheni.

Kwa lugha ya Tabora ya zamani, mzee yule alikuwa mpagazi. Alibeba mali ya watu njiani na kuifikisha salama.

Lakini wajukuu hawakumpenda kwa sababu ya fedha za kiwanda. Walimpenda kwa hadithi. Alikuwa na kumbukumbu isiyoisha: habari za mababu wa vizazi sita, za vita vya Culloden vya mwaka 1746 ambako baba yake mwenyewe aliuawa, za mashujaa na za mizimwi. Katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1857, Livingstone anamkumbuka babu huyo kwa mapenzi makubwa. Anasema utotoni alikuwa akimsikiliza kwa raha, na kwamba nyingi ya hadithi zile zilifanana ajabu na zile alizokuja kuzisikia Afrika akiwa ameketi na watu motoni jioni.

Mtu aliyelelewa na babu wa namna hiyo hakukaa kwenye moto wa Kiafrika kama mgeni kabisa. Alijua jinsi mzee anavyokohoa kidogo kabla ya kuanza, na jinsi watoto wanavyosogea.

Kijana wa kiwandani

David alizaliwa Machi 19, 1813. Familia ilikaa chumba kimoja kwenye nyumba ya wafanyakazi. Akiwa na miaka 10 akaingizwa kiwandani, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Kutoka kwenye mshahara wa wiki ya kwanza akanunua kitabu cha Kilatini. Kitabu alikiweka juu ya mashine, akawa anasoma sentensi moja kila anapopita.

Pamoja na hayo, hakuwa mtoto wa vitabu tu. Alipenda kukusanya mimea, kutembea porini na kuvua samaki. Wakati ule samaki aina ya samoni hakuruhusiwa kuvuliwa na watu wa kawaida, na waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba siku moja alimnasa mmoja, akamficha ndani ya mguu wa suruali ya mdogo wake Charles. Wapita njia wakamwonea huruma Charles wakidhani mguu umevimba. Na kwenye magofu ya ngome ya Bothwell alipanda ukutani, akachonga jina lake juu zaidi ya walipowahi kufika wavulana wenzake.

Wale tunaofuatilia soka tunamjua mtoto wa aina hii. Kila mtaa una mmoja: hashindwi, hachoki, na anataka alama yake iwe juu ya wote.

Miezi sita Kwihara

Sasa tuje nyumbani. Stanley alimkuta Livingstone pale Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Njia ya kawaida kutoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa na vita vya Mtemi Mirambo dhidi ya Waarabu, ndiyo maana Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Wakarudi pamoja, na Februari 18, 1872 wakaingia Kwihara, wakakaa kwenye tembe lililokuwa makazi ya Stanley. Machi 14 Stanley akaondoka kwenda pwani. Livingstone akabaki.

Alikuwa na miaka 59, amechoka, meno mengi yametoka. Kazi yake pale ilikuwa moja: kusubiri watu ambao Stanley angewatuma kutoka Zanzibar. Kusubiri huko kulichukua miezi mitano.

Hapa ndipo mzee huyu anapoonekana kama babu wa kweli. Hana karamu wala vita. Kutwa nzima yuko barazani na daftari lake. Anaandika, anasoma, anapima nyota usiku. Anatengeneza jibini ya safari kwa maziwa ya ng'ombe wa Unyanyembe, na analalamika kidogo kwamba inakuwa chachu kwa sababu maziwa yanaganda upesi kwenye joto. Anatazama ndege wadogo wenye mikia mirefu wakijenga viota na kulisha makinda, na anayaandika hayo kwa makini yale yale aliyoandikia mito na maziwa.

Na anatazama watoto wakicheza.

Hili shabiki wa mpira alisikilize. Kwenye shajara zake za mwisho, Livingstone ameeleza michezo ya watoto aliyoiona Afrika. Aliona michezo ni michache, akasema maisha kwa watoto wale ni kazi ngumu, na burudani yao ni kuiga wanachofanya wazazi: vijumba vidogo, vibustani, pinde, ngao na mikuki. Lakini akasifu akili zao. Walitega ndege kwa mitego na ulimbo. Walitengeneza bunduki za matete zenye kifyatulio, na majivu yakawa ndiyo moshi.

Fikiria hilo mara mbili. Watoto walicheza vita kwa sababu vita ndiyo waliyoiona. Njia ya misafara iliyopita hapo, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa hadi Tabora na kuendelea hadi Ujiji, ilikuwa njia ya pembe za ndovu na njia ya watumwa. Mnyamwezi hodari alibeba mzigo wa kilo 30 hivi begani kwa miezi, akalipwa, akaheshimika kwao. Lakini wengine walipita wamefungwa minyororo, na hao hawakurudi. Mtoto wa Unyanyembe aliviona vyote viwili.

Hakuna mpira kwenye orodha ile ya Livingstone. Chandimu ilikuwa bado haijafika. Hata kwao Uskoti, ndiyo kwanza ulikuwa unaanza.

Mwaka ule ule, Glasgow

Tuangalie kalenda. Machi 1872, wakati Stanley anafunga mizigo Kwihara, vijana wanne wanatembea kwenye bustani moja ya Glasgow wakizungumzia kuanzisha timu. Hawana jezi wala uwanja. Mwezi Mei wanacheza mechi yao ya kwanza, inaisha 0-0. Timu hiyo ni Rangers.

Novemba 30 mwaka huo huo, kwenye uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent, Partick, Uskoti inaikaribisha England. Ndiyo mechi ya kwanza ya kimataifa inayotambuliwa rasmi duniani. Watu 4,000 hivi wanahudhuria. Wachezaji wote 11 wa Uskoti wanatoka klabu moja, Queen's Park. England inapanga washambuliaji wanane, ndiyo, wanane, na soka lao ni la kila mtu kuukokota mpira peke yake mpaka anyang'anywe. Waskoti ni wepesi kwa uzito, wakigongana nao kifua kwa kifua wataumia. Hivyo wanapasiana.

Mechi inaisha 0-0, lakini dunia ya soka haikurudi nyuma. Kupasiana kukawa ndiyo alama ya Waskoti. Miaka michache baadaye klabu za England zikaanza kuwachukua kwa wingi, wakaitwa "maprofesa wa Kiskoti" kwa jinsi walivyofundisha wenzao kucheza kama timu. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Glasgow, Alexander Watson Hutton, akaupeleka mchezo hadi Argentina, ambako anakumbukwa kama baba wa soka la nchi hiyo.

Siku ya mechi ile, Livingstone alikuwa ameshaondoka Kwihara. Alikuwa njiani kuelekea Bangweulu, kwenye mvua na matope, hana habari kabisa kwamba majirani zake wamebadilisha mchezo.

Majirani wa Blantyre

Na ujirani huo haukuishia hapo. Kijiji cha Blantyre kiligeuka kuwa cha wachimba makaa ya mawe, na wachimbaji wakapenda mpira kupita kiasi. Timu ya kijiji, Blantyre Victoria, ndiyo iliyomlea kijana mmoja wa Burnbank, mtaa ulio karibu kabisa na hapo, ambaye alikuwa akishuka mgodini wiki nzima na kucheza Jumamosi. Jina lake Jock Stein. Mwaka 1967 akiwa kocha aliipa Celtic Kombe la Ulaya jijini Lisbon kwa kuifunga Inter Milan 2-1, akiwa na kikosi cha wachezaji waliozaliwa wote ndani ya kilomita 50 kutoka uwanja wao. Nahodha wake, Billy McNeill, naye alipita Blantyre Victoria.

Ukivuka mto kutoka Blantyre ukatembea saa mbili hivi unafika Bellshill, alikozaliwa Matt Busby, aliyelipa taji hilo hilo Manchester United mwaka 1968. Shabiki wa United unayesoma hapa Tabora, ujue kwamba kocha wako wa kwanza mkubwa na mzee wa Kwihara ni watu wa mkoa mmoja, Lanarkshire.

Stein na Busby hawakuwa matajiri wala wasomi. Walikulia kwenye nyumba ambazo mzee anaeleza na kijana anasikiliza: habari za mgodi, za mgomo, za mechi ya mwaka fulani. Babu wa Ulva angewatambua.

Pasi ndefu kuliko zote

Wapagazi wa Livingstone walifika Kwihara Agosti 1872, watu 57. Agosti 25 wakaondoka. Mei 1, 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mzee akakutwa amekufa.

Kinachofuata ndicho kinachostahili kusimuliwa kila mahali ambapo watu wanaongelea timu. Abdullah Susi na James Chuma, waliokuwa naye miaka mingi, pamoja na wenzao, wangeweza kumzika hapo na kutawanyika. Hakuna ambaye angewalaumu. Wao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kama mzigo na kuubeba begani. Safari ya zaidi ya kilomita 1,500 hadi pwani.

Oktoba 1873 wakafika Kwihara, kwenye nyumba ile ile. Wakamkuta Luteni Cameron wa Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapo hapo, wasihatarishe maisha. Wakakataa. Kwao mzigo ulikuwa wa kufikishwa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Mmoja wa watu wa msafara ule, Jacob Wainwright, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha. Shajara walizozibeba pamoja na mwili ndizo zilizochapwa kuwa kitabu, na wao wawili wakamsaidia mhariri kuelewa yaliyoandikwa.

Maana yake ni hii: tunajua kuhusu jibini, ndege na bunduki za matete kwa sababu wao hawakuutupa mzigo njiani. Ukiwaondoa, mzee wa Kwihara anapotea.

Tusimfanye Livingstone malaika. Alisafiri mara nyingi kwa msaada wa wafanyabiashara wale wale aliowashutumu kwa utumwa. Watoto wake walikua bila yeye, na hakuwahi kumpakata mjukuu hata mmoja, kwa kuwa wote walizaliwa baada ya yeye kufa. Mmoja wao, Hubert Wilson, alikuja kuwa daktari wa misheni huko huko Chitambo. Alifuata habari za babu ambaye alimjua kwa kusimuliwa tu.

Na Milambo nani anaisimulia?

Hapo ndipo swali linarudi Tabora. Mkoa huu una historia ya mpira, tena ya kutosha. Kulikuwa na Milambo, timu iliyobeba jina la mtemi aliyefunga njia, ikacheza ligi ya juu na kuwasumbua wakubwa. Ikaja Rhino Rangers, iliyopanda na kucheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14. Jina hilo Rangers limetembea mbali tangu bustani ile ya Glasgow.

Kisha Kitayosce. Agosti 2023 iliingia Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, mechi ikavunjika mapema ikiwa imeshapigwa nne. Watu walicheka nchi nzima. Wenyewe wakajipanga, wakaitwa Tabora United, Nyuki wa Tabora. Novemba 2024, kwenye uwanja ule ule wa Chamazi, wakaichapa Yanga 3-1. Kutoka wanane hadi kumpiga bingwa ndani ya miezi 15! Leo jina limebadilika tena, ni TRA United.

Majina yanabadilika, hilo ni la kawaida kwenye soka la sasa. Ishu ni kumbukumbu. Mtoto wa miaka 12 anayeingia Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi leo anaijua safu ya kiungo ya Manchester City kwa majina na namba. Muulize golikipa wa Milambo alikuwa nani. Kimya. Siyo kosa lake, hajasimuliwa. Rekodi zetu nyingi za soka la mikoani haziko kwenye makabati, ziko vichwani mwa wazee wanaocheza bao barazani jioni, na kila msimu wazee hao wanapungua.

Blantyre, mahali alipozaliwa Livingstone ni makumbusho. Kwihara nako tembe limejengwa upya na lipo, na njia nzima ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji iko kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ukisafiri na timu yako kwenda Tabora, usiishie uwanjani na hotelini. Chukua bodaboda asubuhi ya siku ya mechi ufike Kwihara. Hutajuta.

Na kwa wenyeji, kazi ni nyepesi zaidi, haihitaji hata nauli. Simu yako inarekodi. Mzee yupo. Mkalie jirani baada ya alasiri, mwamkie, msubiri amalize mkono wake wa bao, kisha muulize: Babu, ile Milambo ilikuwaje?

Atakohoa kidogo. Usimkatize.